Muulize Aliyekutangulia Aliondokaje

Jumapili jioni, kwenye saa 1 hivi, simu zetu zilikuwa zinalia kwa mkupuo. Msimamizi ametuma ratiba ya zamu za wiki. Tulikuwa kama kumi na wawili, karibu wote wanafunzi, tukiingiza taarifa za wateja kwenye kompyuta katika ofisi moja ambayo jina lake naliacha. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya kibarua chochote nilichowahi kusikia mwanafunzi amekipata, na kwa muda nilitembea kifua mbele kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba hakuna aliyejua Jumatatu itamkuta wapi mpaka Jumapili jioni ifike. Wiki moja nikaona jina langu limepangwa Jumatano, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Alhamisi saa 2 asubuhi nilikuwa na jaribio la takwimu.

Nikampigia msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakufoka. "Mdogo wangu," akaniambia, "hapa hatuna mitihani."

Jaribio nililifanya. Swali la kwanza nililisoma mara nne, na kila nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshanitoka. Alama nilizopata sizitaji mbele ya wadogo zangu. Ilikuwa sapu, yaani mtihani wa marudio, basi.

Kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyoona kwamba yule bwana hakunikosea. Alinieleza ukweli ambao tangazo la kazi halikuuandika. Ofisi ile haikuwahi kumfikiria mtu mwenye mitihani. Ilihitaji watu wa kuziba mapengo ya usiku na ya mwisho wa wiki, na mwanafunzi ndiye aliyepatikana: kijana, hana mtoto wa kumsubiri, hajui sheria ya kazi, na akikasirika akaondoka wapo wengine kumi mlangoni. Nyingi ya kazi zinazoitwa za wanafunzi ziko hivyo. Zinafanywa na wanafunzi, lakini hazikutengenezwa kwa ajili yao.

Rai yangu ni kwamba mwanafunzi anayetafuta kazi ya muda, ile ya saa chache pembeni ya masomo, asianze na swali la malipo, wala la kama kazi inafanana na anachosomea. Aanze na mtu. Nani alikuwa kwenye nafasi hii kabla yangu, na aliondokaje? Ukiambiwa alikuwa mwanafunzi, akakaa miaka miwili, akaondoka kwa kuwa amehitimu, umeshajua mambo ambayo hakuna tangazo litakalokueleza: kwamba mwenye kazi amewahi kupitia wiki za mitihani na mtu wake akarudi kazini, kwamba malipo yanatoka, kwamba saa zenyewe zinabebeka. Ukiambiwa aliacha baada ya wiki tatu, na aliyemtangulia naye wiki tano, huna la kuuliza zaidi. Chukua begi lako.

Tuzungumze kwanza habari ya saa, maana hapo ndipo wengi tunajidanganya. Wiki ina saa 168. Mfumo wa Ulaya wa kuhesabu mzigo wa masomo unaupa mwaka mmoja wa chuo krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kumchukua mwanafunzi saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje ya darasa. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Zigawe kwa wiki 40 za masomo na mitihani, unapata saa 37 na nusu hadi 45 kwa wiki. Kusoma kwenyewe, basi, ni ajira ya kutwa. Kasoro yake ni kuwa haina bosi wa kukukatia mshahara ukichelewa, na ndiyo maana mtu akibanwa huwa anaiba saa kutoka kwenye masomo kabla ya kugusa kwingine.

Chukua saa 42 za kusoma. Lala saa 8 kila usiku, hizo 56. Kula, kuoga, kufua, kupika, kwenda na kurudi chuoni, tuseme saa 4 kwa siku, jumla 28. Zimebaki 42. Sasa weka kazi ya saa 20 na saa 6 za njiani. Umebaki na 16, yaani saa 2 na robo kwa siku, na humo ndimo kuna kuumwa, marafiki, simu ya nyumbani, na ile nusu saa ya kukaa tu ukitazama ukuta ambayo bila hiyo mtu anaanza kuwa mkali kwa kila anayemsalimia.

Namba 20 sikuiokota. Ndiyo ambayo serikali kadhaa zimewawekea wanafunzi wa kigeni. Marekani, mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Uingereza, kwa wengi wanaosomea shahada, ni 20 hizohizo. Australia imeweka saa 48 kwa kila wiki mbili tangu Julai 2023, Kanada saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024, Japani 28. Ufaransa inahesabu kwa mwaka: saa 964. Kwa mwanafunzi wa kigeni hizi ni sheria, na kuzivunja kunaweza kumgharimu viza na masomo kwa pamoja. Kwa aliye nchini kwake ni kipimo tu cha kuanzia, na asikitukuze. Australia iliuondoa ukomo wake kuanzia Januari 2022 hadi katikati ya 2023, na Kanada iliusimamisha wa kwake kuanzia Novemba 2022 hadi Aprili 2024, kote kuwili ni kwa sababu waajiri walikuwa wanalia hawana watu. Sidhani kama vichwa vya wanafunzi vilipanuka katika miezi ile.

Mimi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemwambia asizidi saa 12 katika muhula wake wa kwanza. Ajipime, ndipo aongeze. Kuomba zamu zaidi ni rahisi, mwajiri atakupokea kwa mikono miwili. Kuomba kupunguziwa ndiko kunakotafsiriwa kuwa uvivu.

Halafu kuna barabara. Zamu ya saa 4 ambayo inakula saa nzima kwenda na saa nzima kurudi ni zamu ya saa 6 inayolipwa saa 4. Theluthi moja ya ujira wako imebaki njiani, na hapo nauli hatujaitoa. Mwenzangu mmoja alikataa kazi ya jirani na bweni lake kwa sababu nyingine, iliyokuwa mbali, ililipa robo zaidi kwa saa. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu: saa 4 za kule zililipa sawa na saa 5 za hapa, lakini kule alikuwa anatumia saa 6. Nauli ikamaliza kilichobaki. Alikuwa mwanafunzi wa uhasibu, na sikumwacha asahau.

Kwa hiyo ndiyo, napenda kazi za ndani ya chuo hata zikilipa kidogo. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani aliyefuatilia makundi makubwa ya wanafunzi kwa miongo kadhaa, alikuta kwamba kazi ya muda ndani ya chuo iliendana na kumaliza shahada, ilhali kazi ya kutwa nje ya chuo iliendana na kinyume chake. Maelezo yake ni kwamba anayefanya kazi chuoni anakutana zaidi na wahadhiri, watumishi na wanafunzi wenzake, na anazidi kufungamana na mahali pale. Tusiyatwishe matokeo hayo uzito yasioubeba. Anayefanya kazi kutwa nje ya chuo mara nyingi ana mzigo mwingine mgongoni, mtoto au wazazi au deni, na mzigo huo ungeweza kumwangusha hata bila kazi. Lakini liko jambo ambalo halihitaji takwimu kulijua: chuoni, anayepanga zamu anaijua kalenda ya mitihani kwa sababu ni kalenda yake pia.

Marekani ililifanya hilo kuwa sera. Sheria ya mwaka 1964, ya enzi za Rais Lyndon Johnson na vita vyake dhidi ya umaskini, ilianzisha mpango ambao serikali inachangia sehemu ya ujira ili mwanafunzi mwenye uhitaji apewe kazi ya muda. Mpango huo upo hadi leo, na nafasi zake nyingi ziko ndani ya vyuo vyenyewe. Mtu akiajiriwa kwa njia hiyo, uanafunzi wake ndio sifa ya kwanza ya kazi. Hauchukuliwi kama kikwazo cha kufichwa kwenye usaili.

Kazi yangu ya pili ilikuwa maktaba, kurudisha vitabu kwenye rafu. Ililipa karibu nusu ya ile ya kwanza. Siku ya kuripoti, mkutubi aliyekuwa akisimamia zamu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alinipa kiti, akafungua kalenda kubwa nyuma ya mlango, akauliza: "Mitihani yako inaanza lini?" Nilikaa kimya kidogo. Nilidhani ni mtego.

Haukuwa mtego. Alikuwa ameshawalea wanafunzi wengi pale hata akajua kwamba asipouliza mapema, wiki ya mitihani atabaki na matoroli saba ya vitabu na hana hata mmoja wa kuyasukuma. Kwake lilikuwa suala la kazi, huruma haikuhusika sana. Na hilo ndilo linalonifurahisha mpaka leo: sikuwa naomba fadhila.

Toroli langu lilikuwa na gurudumu moja la mbele lililokataa kunyooka, likawa linavutia kulia kila tukifika kwenye kona. Vitabu vilipangwa kwa mfumo wa namba aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876: 330 uchumi, 340 sheria, 510 hisabati. Wiki ya kwanza nilitembea na karatasi mkononi kama mgeni mwenye ramani. Baada ya mwezi miguu ilikuwa inajua yenyewe. Halafu jioni moja, nikirudisha kitabu kwenye 519.5, ambako takwimu zinakaa, nikakuta pembeni yake kitabu kikuukuu chenye maswali yaliyofanywa hatua kwa hatua, ambacho hakikuwemo kwenye orodha ya mhadhiri wetu hata kidogo. Sapu niliitoa kwa kitabu hicho. Siwezi kusema kwamba kila kazi ya chuo itakuletea kitabu. Ila mtu anayezunguka na toroli katikati ya maarifa anaokota mengi kuliko anayeingiza namba za simu za watu saa 8 usiku.

Hiyo nafasi niliipataje? Haikutangazwa popote. Kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, ambaye nilikuwa namjua kwa salamu tu kwa sababu tulipanga foleni moja ya kutoa nakala za karatasi, alinisikia nikilalamika kuhusu zamu za usiku. "Mimi namaliza," akasema. "Njoo nikutambulishe kwa mama." Hata jina lake kamili nililijua baadaye.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha jambo hili mwaka 1973. Aliwahoji wataalamu na mameneja wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani walau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra zaidi ya hapo, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake ukiisikia unajipiga kwenye paji la uso: rafiki yako wa chumbani anajua yaleyale unayoyajua wewe, maana mnakula pamoja, mnasoma pamoja, na kundi lenu la ujumbe wa simu ni hilohilo. Habari mpya inatoka kwa mtu wa pembeni. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye mtandao wa LinkedIn ukihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20, nao ukaiunga mkono hoja ile kwa nyongeza moja: wanaosaidia zaidi ni wale mnaofahamiana kwa mbali kiasi. Asiyekujua kabisa hana msaada mkubwa.

Sasa ilete hoja hiyo chuoni. Mtu wako wa pembeni ni yule dada wa mwaka wa nne mnayecheza naye timu moja, fundi wa maabara mnayesalimiana mlangoni, mwanafunzi wa uzamili anayesimamia mazoezi ya vitendo. Na zaidi ya wote, katibu muhtasi wa idara. Mhadhiri anajua utafiti wake; katibu muhtasi anajua nani anahitaji mtu wa kukusanya madodoso, nani amepata fedha za mradi, na nani msaidizi wake anaondoka mwezi ujao. Wanafunzi wanampita pale mezani miaka mitatu bila kumwambia lolote zaidi ya kuulizia fomu.

Wakati nao una siri yake. Wengi huanza kutafuta wiki mbili za mwanzo wa mwaka wa masomo, wakati ambapo kila mtu anatafuta, na mbao za matangazo zimejaa kazi za aina ile iliyoninyima usingizi. Nafasi nzuri zinakuwa zimeshakwenda, kwa sababu zilifunguka miezi kadhaa nyuma, wahitimu walipokuwa wanajiandaa kufunga virago. Anayetafuta kazi ya mwaka ujao aanze kuuliza wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho bado wapo, miezi miwili kabla ya mitihani yao. Na ujumbe wenyewe usiwe wa jumla. "Naomba unisaidie kazi yoyote" ni sentensi inayomtwika mwenzako mzigo wa kukufikiria. Linganisha na hii: "Dada, habari za siku. Nimesikia unamaliza mwaka huu. Ile nafasi yako ya maabara ya kompyuta umeshapata wa kumwachia? Mimi nina nafasi Jumanne na Alhamisi mchana, na naweza kuja siku moja nikuone unavyofanya." Huyo ameulizwa swali lenye jibu.

Najua ubaya wa utaratibu huu, na sitaufunika. Kazi zinazorithiwa zinabaki mikononi mwa wanaojuana. Mwenye aibu, mgeni, aliye wa kwanza kwao kufika chuo, anazunguka nje ya ukuta bila kujua kuna mlango. Chuo chenye busara kingebandika nafasi hizo zote mahali pamoja, kwa tarehe moja, na kumtaka kila mkuu wa kitengo aeleze amempata vipi aliyempata. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo. Pale ambapo halijafanyika, simshauri mwenye aibu asubiri haki ishuke. Aende kwa yule katibu muhtasi. Mtu mmoja anatosha, hahitaji kuwa mzungumzaji.

Je, kazi isiyo na mtangulizi? Zipo, na nyingine ni nzuri. Twisheni, kwa mfano. Hakuna zamu, saa unapanga na mzazi, na kumfundisha mtoto aljebra kunakunyoosha wewe mwenyewe. Lakini ina mtego ambao sijaona watu wakiutaja: wazazi huamka mitihani ya watoto inapokaribia, na kalenda za shule na za vyuo zikilingana, utatafutwa zaidi wiki zilezile ambazo wewe unapaswa kujifungia. Anayeingia huko aseme mapema kabisa, tena kwa maandishi, kwamba wiki fulani hatapatikana. Atapoteza mzazi mmoja au wawili. Sawa.

Kazi za programu za simu, za kusafirisha mizigo na vyakula, zinajinadi kwa neno uhuru: washa ukitaka, zima ukitaka. Ukizichungulia kwa karibu unaona malipo ya maana yako jioni na mwisho wa wiki, na kwamba programu nyingi humpa kipaumbele anayepatikana saa hizo bila kukosa. Ratiba ina mwenyewe, ila safari hii hana uso wa kumwambia una jaribio. Za mtandaoni, kama kunukuu sauti kwa maandishi au kuweka alama kwenye picha za kufundishia akili mnemba, zina shida tofauti: wiki hii kazi tele, wiki ijayo ukurasa mtupu. Zinafaa kuwa nyongeza. Kuzitegemea kwa kodi ya chumba ni kucheza kamari.

Mahali popote ambapo humwoni aliyekutangulia, lipeleke lile swali kwenye usaili. "Samahani, kabla yangu alikuwepo nani, na alipata nini akaondoka?" Liulize kwa upole kisha nyamaza. Nimeona waajiri wakijibu mara moja, kwa jina na kwa tabasamu, hata wakaeleza yule mtu yuko wapi siku hizi. Nimeona pia wanaotazama dirishani. Wa pili akishamaliza kutazama dirishani, atakuambia kwamba vijana wa leo hawapendi kazi.

Kuhusu matapeli sitakaa sana. Anayekudai ada ya usajili, ya sare, ya mafunzo au ya fomu ili akupe kazi, ondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1997, katika ibara ya 7, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, ukiacha ruhusa chache zinazotolewa kwa masharti. Hata kwenye nchi ambayo haijauridhia, kipimo hicho kinafaa: pesa itoke kwa mwajiri kuja kwako. Na yule anayetaka tu akaunti yako ya benki, fedha ziingie, uzitume kwingine, ubakize asilimia kidogo, huyo hakupi kazi. Anakuingiza kwenye utakatishaji wa fedha, na polisi wakija jina watakalolikuta ni lako.

Hao wanaolipa kwa "uzoefu" nao wana lugha yao tamu. Kujitolea ni jambo jema pale unapojua unamsaidia nani na mpaka lini. Lakini ukikaa kwenye kiti cha mfanyakazi, kwa saa za mfanyakazi, ukimtengenezea mtu faida, uzoefu unaoupata wewe na anaoupata mfanyakazi huyo unalingana, ila yeye analipwa. ILO ina mkataba mwingine, namba 175 wa mwaka 1994, unaohusu kazi za muda: mtu asilipwe ujira wa msingi ulio chini kwa saa kuliko wa mfanyakazi wa kutwa anayefanya kazi kama yake, kwa sababu tu saa zake ni chache. Mwanafunzi anayelijua hilo hujadiliana mgongo ukiwa umenyooka.

Mpaka hapa kuna msomaji ameshakasirika. Anajilipia ada mwenyewe, au anatuma nyumbani, na mimi nimekaa namwambia asianze na malipo. Ana haki ya kukasirika. Kwake malipo ndiyo sababu ya kutafuta, na simwambii ayadharau. Ninachomwomba ni kuingiza kwenye hesabu kile ambacho mimi sikukiingiza: gharama ya somo linalorudiwa. Ofisi yangu ya usiku ililipa mara mbili ya maktaba, lakini ilinipa sapu, na kama ile sapu ingegeuka kuwa kurudia somo mwaka mzima, ada ya kurudia, chakula na chumba cha miezi ile vingemeza mshahara wote na kudai chenji. Anayelazimika kufanya saa nyingi kwa kweli atazame pia kama chuo kinamruhusu kupunguza masomo ya muhula na kusoma kwa miaka mingi zaidi, kwa mpango. Kuchelewa kwa mpango kunauma mara moja. Kufeli kwa mshangao kunauma kila ukikutana na uliyesoma naye.

Habari ya kazi inayofanana na unachosomea, wahadhiri wataniwia radhi, naiweka chini kabisa ya orodha. Ikitokea ikafanana, vizuri. Mwanafunzi wa sheria aliyepanga mafaili ya wakili ana cha kueleza kwenye wasifu wake. Lakini nimewaona waliong'ang'ania ofisi yenye jina kubwa, wakawa wanachemsha chai na kutoa nakala, huku mwenzao wa kaunta ya duka akijifunza kufunga hesabu ya siku, kumtuliza mteja mwenye hasira, na kumwambia bosi "hapana" bila kuvunja uhusiano. Waajiri wa baadaye wanauliza ulifanya nini. Jina lililo kwenye bango la nje linawavutia kwa dakika moja tu.

Mwaka wangu wa mwisho nilianza kutafuta wa kumwachia toroli miezi miwili kabla ya mitihani. Nilimpata binti wa mwaka wa pili ambaye tulikuwa tunakutana ngazini tu, kila mara akiwa anakimbia, na nikaja kujua alikuwa anakimbilia zamu kwenye ofisi moja ya kuingiza taarifa za wateja. Sikumuuliza ni ipi. Nilimpeleka kwa mama mkutubi, naye akafungua ile kalenda ya nyuma ya mlango. Wakati wanaandika tarehe, mimi nilikuwa nimeshika toroli nikimwonyesha: kwenye kona lisukume kwa mkono wa kushoto, ukisukuma kwa wa kulia linakupeleka ukutani. Na azizoee kwanza rafu za 330, maana karibu na mitihani ndizo vitabu vyake vinavyorudi kwa fujo.